Kompyuta moja, wahudumu watatu: jinsi ya kufanya malipo ya tili yaonekane na kila mtu dukani

Mwezi wa tatu Kitale hauna mchezo. Mvua ikigusa ardhi tu, maduka ya agroveti yanajaa watu wa mbegu na mbolea, na foleni inatoka hadi nje ya mlango. Siku kama hiyo mkulima amefika mapema kutoka upande wa Endebess, amelipia DAP na mbegu kwa tili, jumla KSh 23,650, na meseji ya malipo iko kwenye simu yake. Mhudumu anaangalia kompyuta. Hakuna kitu. Anaonyesha upya. Hakuna. Nje, pikapu ya kukodisha inanguruma na dereva anapiga honi.

Mhudumu alifanya kile ambacho wengi wetu tungefanya. Aliandika namba ya muamala kwenye daftari, akatoa mzigo. Mwisho wa mwezi programu ya mauzo ikaonyesha ankara ile haijalipwa. Mwenye duka, ambaye siku nyingi hushinda kwenye tawi lake la Bungoma, akaona jambo moja tu: mzigo umetoka, pesa haiko. Meseji feki zimezunguka sana siku hizi, kwa hivyo dhana yake haikuwa ya ajabu. Akamwambia yule dada kwamba pesa itakatwa kwa mshahara, kidogo kidogo.

Mimi nilifika pale kwa ziara ya kawaida ya kufundisha wateja wetu kutumia ripoti za tili. Nilifikiri nitaongea nusu saa niende zangu. Nilikaa hadi jioni, na nilichojifunza pale nimekuja kukikuta tena na tena, Kitale, Kiminini, Webuye, hadi Bungoma mjini: pesa haijapotea na mhudumu hajaiba. Kompyuta inatumiwa na watu kadhaa, lakini aliyeweka muunganisho aliuwekea mtu mmoja.

Bomba la maji ndani ya chumba cha mpangaji mmoja

Wacha nieleze kwa mfano wa ploti ya kupangisha. Kila mpangaji ana chumba chake na kufuli yake. Bomba la maji liko uani, kila mtu anachota. Sasa fikiria fundi amekuja, akaona ni rahisi kwake kuweka bomba ndani ya chumba namba moja. Maji yapo, bili inalipwa, lakini mwenye chumba namba moja akifunga mlango akaenda safari, wengine wote wanakaa na ndoo tupu.

Windows iko hivyo hivyo. Kila mtu anayeingia kwa jina lake ana chumba chake: rangi za skrini yake, faili zake, nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari chake. Halafu kuna uani, yaani mipangilio ya kompyuta nzima, ambayo kila anayeingia anaikuta. Programu nyingi zinapowekwa huuliza swali dogo ambalo mafundi wetu hulipita haraka: iwekwe kwa ajili yangu peke yangu, au kwa kila mtu anayetumia kompyuta hii? Ukijibu vibaya hapo, utakuja kulipa mbele.

Kwenye duka lile, mambo yalikuwa yamepangwa hivi. Kwenye ofisi ya nyuma kuna kompyuta yenye hifadhidata ya MySQL. Programu ndogo inavuta orodha ya malipo ya tili kila baada ya muda mfupi na kuyaweka humo. Kompyuta ya kaunta ina programu ya mauzo, ambayo inasoma orodha ile kupitia ODBC. Usiogope jina. ODBC ni njia ya programu moja kuzungumza na hifadhidata hata kama zimetengenezwa na watu tofauti. Ili izungumze inahitaji kadi ndogo ya maelekezo: hifadhidata iko kompyuta gani, inaitwaje, tutumie draiva ipi. Kadi hiyo inaitwa DSN.

Na kadi hizi ziko za aina mbili muhimu. "User DSN" inakaa ndani ya chumba cha aliyeitengeneza. "System DSN" inakaa uani. Fundi alikuja siku ambayo mwenye duka alikuwa ameingia kwa akaunti yake, akatengeneza "User DSN", akajaribu, ikakubali, akalipwa, akaenda. Mama aliposafiri Bungoma na wahudumu wakaingia kwa akaunti zao, programu ikawaambia "Data source name not found and no default driver specified". Wao wakabonyeza OK na kuendelea kuuza. Wangefanya nini tena, na foleni ni ile?

Ukiona maneno hayo kwenye akaunti moja na kwenye akaunti nyingine ya kompyuta hiyo hiyo hayatokei, usibadilishe rauta, usinunue bandali zaidi, usimlaumu mtu wa intaneti. Kadi iko chumbani kwa mtu.

Kuhamisha bomba hadi uani

Kazi hii inahitaji akaunti ya msimamizi wa kompyuta. Mhudumu wa kawaida hawezi kuifanya, na ni vizuri hivyo.

Bonyeza kitufe cha Windows, andika ODBC. Utaona vitu viwili, kimoja cha 32-bit na kingine cha 64-bit. Hapa ndipo watu wengi huanguka, kwa hivyo tutembee pole pole. "System DSN" iliyotengenezwa kwenye ya 64-bit haionekani na programu ya 32-bit, na kinyume chake. "User DSN" huwa haina ubaguzi huo katika orodha, inaonekana pande zote mbili. Ndiyo maana fundi anayehamisha kadi kutoka chumbani hadi uani anaweza kushangaa kwamba sasa hata mwenye duka haoni kitu. Akikosea upande, programu inaweza kulalamika kwamba kuna "architecture mismatch".

Ujue vipi programu yako ya mauzo ni ya aina gani? Ifungue, kisha fungua Task Manager. Programu za aina ya zamani huandikwa "32 bit" kando ya jina lake. Programu nyingi za uhasibu na mauzo ambazo maduka yetu yametumia miaka mingi bado ni za 32-bit, hata kama Windows yenyewe ni ya 64. Tena draiva ya MySQL nayo lazima iwe ya aina hiyo hiyo. Na kama fundi wako ni wa kufungua mafolda badala ya kutafuta kwa jina, mwambie kitu hiki cha kuchekesha: kifaa cha 64-bit kiko ndani ya folda ya System32, na cha 32-bit kiko ndani ya SysWOW64. Kuna sababu za kihistoria, lakini kwa mtu anayesoma majina tu, ni kama kuandika Webuye kwenye kibao cha kwenda Kapenguria.

Ukishafungua kile sahihi, nenda sehemu ya "System DSN", bonyeza "Add", chagua draiva ya MySQL, jaza jina la kompyuta ya ofisi, namba ya mlango 3306, na jina la hifadhidata. Jina la DSN liwe herufi kwa herufi kama lile la zamani, maana programu ya mauzo inalitafuta kwa jina hilo. Bonyeza "Test". Ikikubali, rudi kwenye akaunti ya mwenye duka na ufute ile "User DSN" ya zamani. Usiiache. Kadi mbili zikiwa na jina moja, Windows humpa mtu ile ya chumbani mwake kwanza. Siku utakapobadilisha maelezo kwenye ile ya uani, wahudumu wataona malipo mapya na mwenye duka ataendelea kutumia maelezo ya zamani, kisha mtaanza kubishana ni nani anasema ukweli.

Nywila, hapa usiwe na haraka

Draiva ya MySQL ikipewa nywila wakati wa kutengeneza DSN, huihifadhi ndani ya rejista ya Windows kwa maandishi ya kawaida. Kadi ikiwa uani, kila mtu anayeingia kwenye kompyuta hiyo na anayejua pa kuangalia anaweza kuisoma. Sasa kama fundi aliweka nywila ya "root", yaani mkubwa wa hifadhidata nzima, umewapa wafanyakazi wote, na yeyote atakayekalia kile kiti, uwezo wa kufuta rekodi za mauzo za miaka yote. Kwenye duka lile ilikuwa ni "root". Sikushangaa, ila moyo uliruka kidogo.

Dawa yake ni kutengeneza mtumiaji mwingine ndani ya MySQL ambaye anaruhusiwa jambo moja: kusoma jedwali la malipo. Fundi anayejua kazi atakuelewa ukimwambia apewe "SELECT" pekee, na akubaliwe kutoka kwenye mtandao wa ndani wa duka tu. Mtu akiiona nywila hiyo, kikubwa anachoweza kufanya ni kusoma orodha ambayo tayari inaonekana kwenye skrini ya kaunta. Orodha yenyewe nayo ina majina na namba za wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka mwenye biashara azilinde, kwa hivyo hata kusoma kusiwe kwa kila mpita njia.

Mambo mengine yanayojificha chumbani

Baada ya kadi kukaa uani, malipo yalionekana kwa wahudumu wote. Tukapiga makofi. Kesho yake asubuhi nikapigiwa simu: "Hayaonekani tena."

Kumbe ile programu ndogo ya kuvuta malipo kwenye kompyuta ya ofisi ilikuwa inafanya kazi tu mtu akiwa ameingia. Karani wa ofisi akitoka jioni na kufunga akaunti yake, inakufa. Asubuhi akichelewa, kaunta inasoma malipo ya jana. Hili unalirekebisha kwa kuiweka kama huduma ya Windows, au ndani ya Task Scheduler kwa kuchagua "Run whether user is logged on or not". Na mipangilio ya umeme ibadilishwe ili kompyuta hiyo isilale yenyewe.

Stima nayo ina mchezo wake. Ikipotea na kurudi, rauta inaweza kuigawia kompyuta ya ofisi anwani mpya, jana 192.168.1.5, leo 192.168.1.9, na kadi yako bado inabisha hodi nyumba ya zamani. Ndiyo maana nimesema jaza jina la kompyuta, si namba. Ukilazimika kutumia namba, mwambie fundi aifunge kwenye rauta ili isibadilike. Na kama folda ya ripoti imewekwa kama diski Z:, hiyo pia ni ya chumbani kwa mtu mmoja. Tumia njia kamili inayoanza na alama mbili za mkwaju na jina la kompyuta.

"Si niwape tu paswadi yangu?"

Hili ndilo lililonikalisha hadi jioni. Baada ya ile ankara ya KSh 23,650, mama mwenye duka alikuwa ameshapata suluhisho lake: aliwapa wahudumu wote nywila ya akaunti yake ya Windows. Malipo yakaonekana, mambo yakatulia. Nilipomwambia tuirudishe kila mtu kwa akaunti yake, alinitazama kama mtu anayetaka kumuuzia kitu.

"Mwanangu, hii ilikuwa imeshakubali. Sasa nikumbuke paswadi za watu watatu?"

Nilimwomba aketi kwenye kiti cha kaunta, afungue kivinjari, aingie kwenye ukurasa wa biashara wa tili yake. Kabla hajaandika herufi hata moja, kivinjari kikajaza jina na nywila. Alikuwa ameihifadhi mwenyewe, miezi iliyopita, akiwa peke yake. Tangu siku aliyogawa nywila ya kompyuta, kila mhudumu alikuwa pia na mlango wa kuona salio lake. Hatua ya mwisho ilibaki kwenye simu yake, kwa sababu msimbo wa uthibitisho hutumwa huko. Na mara ngapi amepigiwa akiwa Bungoma, "Mama, kuna namba imekuja kwa simu yako, nisomee"? Alikaa kimya. Akasema, "Mara nyingi."

Tena kuna upande wa wahudumu, ambao huwa tunausahau sisi watu wa usalama. Wote watatu wakiwa wanaingia kwa jina moja, programu ya mauzo inaandika kila punguzo, kila ankara iliyofutwa na kila bidhaa iliyorudishwa kwa jina la mama. Siku kitu kikiharibika, hakuna rekodi inayoweza kumtetea asiye na makosa. Yule dada wa daftari alikuwa na bahati kwamba aliandika namba ya muamala kwa mkono wake.

Tulikubaliana hivi: kila mhudumu ana akaunti ya kawaida ya Windows, isiyo ya msimamizi. Nywila wanazichagua wenyewe, na mama anabaki na akaunti ya msimamizi ambayo inamwezesha kumpa mtu nywila mpya akisahau, kwa hivyo hana haja ya kuzikumbuka. Mtu akiondoka kaunta anabonyeza kitufe cha Windows pamoja na L. Kwenye ukurasa wa biashara wa tili, wahudumu wawili wamepewa nafasi ya kuona malipo tu, na kuidhinisha kurudisha pesa kumebaki kwa mama. Nywila zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari zikafutwa na yeye akabadilisha ya kwake.

Kisha tukarudi kwenye daftari. Namba ya muamala ina herufi na tarakimu kumi, na hairudiwi. Tuliitafuta kwenye orodha ya malipo ambayo hayajaunganishwa na ankara yoyote. Ilikuwepo, KSh 23,650, tarehe ile ile. Pesa ilikuwa imeingia kwenye tili siku hiyo hiyo ya foleni, ikakaa pale wiki nzima na zaidi bila mwenyewe. Mama aliiunganisha na ankara kwa mkono wake. Alichokuwa ameshakata kwa mshahara alikirudisha siku hiyo, kwa simu, mbele yangu.

Bungoma je?

Tawi la Bungoma liko karibu na Kanduyi, na mama alitaka kompyuta ya kule isome hifadhidata ya Kitale moja kwa moja. Fundi alikuwa na wazo la haraka: afungue mlango 3306 kwenye rauta ya Kitale ili uonekane kutoka intaneti. Tafadhali, usikubali hili. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikijaribu milango kama huo, hazijali kama duka lako ni dogo. Njia inayofaa ni VPN, yaani njia ya siri kati ya rauta mbili ndani ya intaneti, halafu Bungoma inaonekana kama iko chumba cha pili. Kama intaneti ya tawi ni ya kukatika katika, mimi ningechagua kila tawi liwe na tili yake na orodha yake, na mwenye duka asome zote mbili kwenye ukurasa wa biashara. Mama alichagua hiyo ya pili. Kompyuta ya kule nayo ina wahudumu wawili, kwa hivyo kazi ya "System DSN" ilirudiwa pale vile vile.

Ukimaliza kazi hii kwako, usijaribu ukiwa kwenye akaunti ya msimamizi, maana huko huwa inakubali. Toka kabisa, mwambie kila mhudumu aingie kwa jina lake, kisha atume KSh 10 kwa tili kutoka simu yake mwenyewe na asubiri ionekane kwenye skrini. Wahudumu watatu, shilingi 30.

Na ukikwama, tupigie huduma kwa wateja ukiwa umekaa mbele ya kompyuta. Uwe na maneno kamili ya kosa lililotokea (piga picha kwa simu), jina la akaunti ambayo inakataa na ile inayokubali, na kama programu yako ni ya 32 au 64. PIN yako na msimbo wa uthibitisho hatutakuuliza. Anayekuuliza hivyo kwa simu si sisi, mkatie.